Magoti ya Mama Uganda

Nangara nzima wanamwita Mama Uganda, ingawa mwanawe anaitwa Rogathe na mbaazi zake zinaota kwenye udongo wa Babati kama za jirani yeyote. Jina kajitafutia mwenyewe. Mpe kiti tu, Evangelina atakusimulia habari za ndizi zinazopikwa kwa mvuke ndani ya majani, na za watu wanaokuulizia ukoo mzima kabla hujatua mzigo.

Mapenzi hayo yalianza kwa malaria. Alikwenda hija Namugongo, kwa Mashahidi wa Uganda, na wanaparokia wenzake, na wakati wa kurudi, karibu na Masaka, homa ikamwangusha. Basi halikuweza kungoja. Mama mmoja wa kijijini, aliyeitwa Nalongo kwa kuwa alizaa mapacha, alimchukua kwake, akamnywesha uji kwa kijiko mpaka akasimama. Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji, lakini walielewana.

Siku ya kuaga, wanawake wa pale walimnong'oneza apige magoti, maana kwao mwanamke humwamkia na kumuaga mkubwa akiwa chini. Evangelina akagoma. Kwao Babati mtu huinamisha kichwa, akasema shikamoo, yakaisha. Magoti ni ya kanisani.

"Magoti yangu ni ya Mungu tu," alisema, tena kwa sauti.

Nalongo aliingia jikoni. Alimfungia ndizi za njiani.

Ndizi zile zilimkwama kooni kabla hajavuka mpaka. Mkono uliomlisha ameuaga kama anavyomuaga kondakta! Tangu hapo akawa na neno moja: atarudi, na atapiga magoti Nalongo angali hai.

Kusema ni rahisi. Safari ya kwanza basi liliharibika Singida, na nauli ya mbele ikaishia kwenye chai na maandazi. Ya pili alipanda basi silo, akazinduka yuko Mwanza huku gunia lake la mbaazi likielekea Bukoba peke yake. Mumewe, Melkiadi, alicheka mpaka akatoka machozi, kisha akauona uso wa mkewe, akayafuta.

Mwaka huu wakapata habari kwamba Nalongo ni mgonjwa, hatoki tena nje. Evangelina alifunga safari wiki hiyohiyo. Kila kitu kilikwenda sawa hadi Mutukula, mpakani, ambapo kwa furaha yake alikosea ngazi ya basi, akaangukia goti. Likavimba kama boga. Akapiga simu nyumbani.

"Rudi, Mama Rogathe," Melkiadi akamsihi. "Hiyo nchi haikutaki."

"Nchi haina neno, Baba Rogathe. Ni mabasi."

Alifika akichechemea, mkongojo mkononi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nalongo alikuwa ameketi mkekani, amekonda sana, lakini macho yalikuwa yaleyale. Evangelina akalijaribu goti. Halikunjiki. Hofu ikamshika: kweli aje kote huku, asimame tena mbele ya mama huyu kama mlingoti? Akaweka mkongojo kando, akashika ukuta, akauma meno, akashuka. Maumivu yakampanda hadi kiunoni.

"Shikamoo, mama."

Nalongo akamtazama, akalitazama na goti lililofungwa kitenge.

"Wewe wa Babati," akasema polepole. "Magoti si ya Mungu?"

Kumbe hakusahau! Miaka yote hiyo alikuwa na neno lile moyoni. Evangelina aliona aibu, na papo hapo akaona raha ambayo hakuitegemea, maana sasa lilikuwa limesemwa.

"Ni ya Mungu, mama," akajibu huku machozi yakimtiririka. "Leo kaniazima."

Bibi akacheka hata akakohoa. Evangelina alijaribu kuinuka. Goti likakataa katakata. Nalongo akajisogeza taratibu, akampisha nafasi kwenye mkeka.

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapahapa. Ndizi ziko jikoni."