Pole kwa Msiba wa Mahenge

Mimi ni mtu wa Ifakara, na mtu wa Ifakara hasemi vibaya juu ya Ifakara mbele ya mgeni. Sisi kwa sisi tunasema, tena sana: mbu, tope, joto la kabla ya mvua, mabasi ya Mikumi yanayolala njiani siku mbili. Lakini mgeni akishuka tu na begi lake, tunageuka. Mbu tunasema wamepungua. Tope tunasema ndilo linaloleta mchele. Nimeona watu wazima wakimwapia mgeni kwamba joto hili ni la wiki hii tu.

Kwa hiyo mwaka ule, katikati ya miaka ya tisini, niliposikia kwamba shangazi wa mchumba wangu anakuja kuuona mji, sikuogopa. Nilifurahi. Mchumba wangu tulisoma naye chuo kimoja cha ualimu. Tulipomaliza, yeye alipangiwa kwao Same, mimi nikarudi kufundisha nyumbani. Wazazi wake walikuwa wamefariki, na aliyemlea ni huyo shangazi, mkulima wa tangawizi huko milimani Upareni. Mchumba aliniandikia kwa kifupi: shangazi anakuja peke yake, anataka kuona mtoto wake anaolewa wapi na kwa watu gani, na akirudi na neno "hapana" basi tusahau. Nilisoma barua ile mara tano. Kilichonibaki kichwani ni "wapi". Hilo "kwa watu gani" nililipita.

Mimi ndiye niliyechagua mwezi. Nilimjibu aje Aprili, likizo ya Pasaka, kwa sababu Aprili bonde letu halina mfano. Mto umejaa hadi mabondeni, mpunga ni kijani mpaka macho yanapoishia, na milima ya Udzungwa inaonekana imeoshwa. Hapo nilifanya kosa ambalo ni sisi tu tunaoweza kulifanya. Nilisahau kwamba Aprili mji unakuwa hauna watu. Watu wetu wanahamia mashambani mvua zinapoanza, wanajenga madungu, vibanda vya miti vilivyoinuliwa juu ya nguzo, na wanakaa humo na sufuria zao na kuku wao mpaka mavuno. Kwetu hilo ni jambo la kila mwaka, mtu halifikirii. Nilialika mgeni kuja kuona ukoo wangu katika mwezi ambao mtaa mzima umefungwa kufuli.

Mama yangu naye alikuwa ng'ambo ya mto, dunguni. Baba alikuwa ameshafariki, na ndugu zangu wameolewa mbali, kwa hiyo mama ndiye alikuwa watu wangu wote. Nilimfuata nikamsihi arudi mjini kwa siku mbili, avae kitenge kizuri, ampokee mgeni sebuleni kwenye viti. Akakataa.

"Mpunga unatia maziwa," alisema. "Nikiondoka siku mbili, kwelea kwelea wananiachia mabua. Mlete huyo shangazi huku."

Nimlete huku! Nilimwangalia mama yangu, miguu imejaa tope mpaka magotini, kanga imefifia, kombeo la kurushia ndege limening'inia begani. Niliona aibu. Nasema ukweli kwa sababu umri umenifikisha mahali pa kuusema: nilimwonea aibu mama yangu. Na shangazi aliposhuka kwenye treni, baada tu ya shikamoo na marahaba, akauliza, "Mama hajambo? Yuko nyumbani?", mdomo wangu ulijibu kabla yangu.

"Hajambo, shangazi, ila amekwenda Mahenge. Tumepata msiba."

"Poleni sana," alisema, na uso wake ukabadilika kwa huruma. "Nani amefariki?"

"Ndugu yake," nilisema, nikabeba begi haraka.

Alikuwa mama mfupi, mkavu, mwenye mwavuli mweusi aliouchukua kila mahali kama fimbo. Usiku alilala nyumba ya wageni ya masista, na asubuhi nikamweka kwenye keria ya baiskeli yangu, amekaa upande na mwavuli wake umefunguliwa, tukaanza kutembea mji. Na mji ule asubuhi hiyo, Mungu wangu, ulinisaidia. Nilimpeleka kanisa kubwa la matofali mekundu, ambalo babu zetu waliyafyatua matofali yake kwa mikono. Ndani mlikuwa na ubaridi mzuri na harufu ya nta, na masista wawili walikuwa wakifanya mazoezi ya nyimbo za Pasaka. Shangazi ni Mlutheri, lakini alisimama akasikiliza mpaka wimbo ukaisha.

Nilimwonyesha hospitali yetu, ambayo watu wanaijia kutoka Mlimba na Masagati, wengine siku nzima njiani. Nilimwonyesha akina mama wanaofuma vitambaa kwa mashine za miti, miguu inakanyaga, mikono inarusha uzi, wala hawaangalii. Sokoni nilimfungulia gunia moja baada ya jingine na kumwambia anuse. Mchele wetu hauna haja ya kusifiwa, unanusa wenyewe. Alichukua punje chache, akazitafuna mbichi, akatikisa kichwa kwa kukubali. Nilitamani kuruka.

Nilisema maneno mengi sana siku ile. Kila ukuta niliupa historia, na penye pengo nilijaza. Nilimwonyesha alama ya mafuriko kwenye nyumba moja, juu ya kiuno changu, nikajivuna kana kwamba maji yale niliyaleta mimi.

Lakini shangazi alikuwa na macho. Tulipopita mtaani kwetu aliangalia kulia na kushoto. Nyumba ya kwanza kufuli, ya pili kufuli, ya tatu kufuli na majani yameota mlangoni.

"Majirani zako nao wamekwenda msibani?" aliuliza.

"Wako shambani, shangazi."

"Wote?"

"Ni msimu."

Nikamwahidi mto, maana nilijua mto hautaniangusha.

Kivukoni ni mbali kidogo kwa baiskeli yenye mtu mzima nyuma, nilifika shati limelowa. Lakini hata mimi niliyeuona mto ule tangu nikiwa mgongoni nilisimama. Aprili mto wetu, Kilombero, hauna kingo. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yanakwenda polepole na kwa nguvu, yamebeba visiwa vya majani, na juu ya kisiwa kimoja alikuwa amesimama korongo, anasafirishwa bure. Pantoni ilikuwa inarudi kutoka ng'ambo na lori moja na baiskeli nyingi. Upande wa juu viboko walikuwa wametoa masikio tu. Wanawake walikuwa wanakaanga kambale na perege kando ya njia. Shangazi, mtu wa milimani ambaye kwao maji ni kijito cha kuruka, alifunga mwavuli wake.

"Hii kweli ni kazi ya Mungu," alisema.

Niliona nimeshinda. Nikaagiza samaki. Mpango wangu ulikuwa tule, tuangalie, turudi. Wakati huo huo akapita jirani yetu mmoja mvuvi, makasia begani, akaniona.

"Mwalimu! Umekuja kumwona mama? Jana nimempelekea chumvi. Anasema ndege mwaka huu wamemshika kweli kweli."

Nilijifanya nina mwiba wa samaki kooni. Shangazi aliendelea kula taratibu, akamaliza upande mmoja wa perege, akamgeuza, akamaliza na upande wa pili. Akanawa. Ndipo akamuuliza yule mvuvi, si mimi:

"Shambani kwa huyo mama ni mbali?"

"Aah, hapo tu. Mkivuka na pantoni, mtumbwi wangu uko upande ule."

Tukavuka. Upande wa pili tuliingia mtumbwi, tukapita katikati ya mpunga wenyewe, mashuke yanagusa mabega yetu, na kwa mbali kundi la sheshe, swala wa mabondeni kwetu, lilisimama majini hadi magoti likitutazama. Katika yote niliyomwonyesha shangazi, hilo ndilo lililokuwa zuri kuliko yote, nami sikuwa na haja ya kulieleza. Kisha tukasikia sauti ya mama. "Hooo! Haaa!" Dongo likapita hewani, na ndege wakainuka wote pamoja.

Mama alituona, akashuka ngazi ya dungu kinyumenyume, akaja akifuta mikono kwenye kanga. Kabla sijafungua mdomo, shangazi alimshika mikono yote miwili.

"Mimi ndiye shangazi wa binti, dada. Pole na safari ya Mahenge. Poleni sana kwa msiba wa ndugu yako."

Kwetu kumpa mtu pole ya ndugu aliye hai si mchezo. Wako wanaotema mate wakisikia. Na mama alikuwa na ndugu mmoja tu aliyebaki, kaka yake, mzima, yuko Mahenge, wanapendana sana. Mama aliniangalia mara moja. Sijapata kuangaliwa vile tena. Nyuma yake ndege walirudi, wakatua kwenye mpunga, naye hakugeuka kuwafukuza.

"Asante, dada," alisema. "Tumeshapoa. Karibuni."

Shangazi aliangalia yale majivu ya siku nyingi mafigani, kuku waliozoea mahali, nguo zilizoanikwa. Mama alitaka kutukaribisha pepeta, mpunga mchanga uliokaangwa na kutwangwa, kutoka kijaruba kilichotangulia kuiva. Lakini akitwanga, nani atawatazama ndege? Shangazi alivua viatu, akapanda ngazi ya dungu kwa miguu yake ya milimani bila kushikwa mkono, akadai kombeo. Dongo la kwanza lilinipata mimi mgongoni. Mama alicheka mpaka mchi ukasimama. Hao akina mama wawili walikaa mchana kutwa wakipokezana mchi na kombeo, wanaelezana tangawizi na mpunga, na mimi nimekaa kwenye kigogo kama mgeni wao.

Jioni kabla ya jua kuzama tulikuwa kwenye pantoni, tunarudi. Shangazi alisimama akishika chuma cha pembeni, anaangalia maji.

"Mji wako ni mzuri," alisema. "Nimeupenda, na mto huu nitausimulia mpaka nife. Lakini mimi sikuja kuangalia majengo, mwalimu. Yule mama amekufichia aibu yako mbele ya mgeni, kwa kumtoa kafara kaka yake, ndugu pekee aliyebaki naye, maana amenieleza habari zake mchana kutwa, na wala hajafa. Mtoto wangu namtoa, namtoa kwa mama yule. Wewe bado sijakuona."

"Nisamehe, shangazi."

"Siyo mimi. Harusi baada ya mavuno. Na mpaka mavuno, kila siku usiyo na shule, ukae juu ya lile dungu. Nitamuuliza yeye, sitakuuliza wewe."

Nilirudi dunguni kesho yake baada ya treni kuondoka. Mama alinipokea kama kawaida, akanipa uji, akanionyesha ndege wanatokea upande gani. Siku ya kwanza hakusema kitu, ya pili hakusema kitu. Hilo lilinitesa kuliko kutukanwa. Siku ya tatu, anapepeta mchele wa chakula cha mchana, akauliza bila kuinua macho:

"Yule wa Mahenge, aliyefariki ni nani?"

"Hakuna, mama."

"Hakuna? Mimi nimepokea pole. Pole ile ilikuwa ya nini?"

Nikamwambia ilikuwa pole ya kuwa na mtoto kama mimi.

Alipepeta mara tatu, nne, pumba zikaruka. Kisha akaweka ungo chini, akaniangalia vizuri.

"Basi hiyo bado sijapoa," alisema. Akanipa kombeo, maana ndege walikuwa wameshatua.