Bakora Yenye Harufu ya Karafuu

Nacheka sasa kwa kuwa mke ninaye, lakini siku ile ningepata shimo ningejifukia, maana aibu yangu ilishuhudiwa na msikiti mzima hapa Chake.

Mimi ni fundi wa kukereza miti, na Mzee Faki, baba yake mchumba wangu Asha, hakuwa akiniamini (aliwahi kukalia stuli yangu moja, basi tusiyaseme). Nikaona nimkerezee bakora ya msaji aishike siku ya akdi ya ndoa yetu, aone mwenyewe kuwa binti yake hampi mbabaishaji. Mti ukatoka vizuri, ikabaki sila, ule mpako wa kwanza unaoziba vitundu vya mti ili ukipiga msasa ulainike. Ya dukani hukauka chapuchapu, lakini mimi hujichanganyia mwenyewe, vanishi nusu na tina ya kuizimulia nusu, na haijawahi kuniangusha. Ila siku hiyo mapenzi yalinipanda kichwani, nikataka bakora inukie, nikamimina na mafuta ya karafuu (Mpemba mimi, ningetia nini tena?), wala sikujaribu kwanza kwenye kipande cha mti.

Yakhe, kumbe karafuu haiachi vanishi ikauke! Asubuhi ya akdi bakora bado inanata, nami badala ya kuifuta na kuanza upya nikaipaka poda ya mtoto wa dada yangu, ikajifanya imekauka, nikampelekea mzee. Akainusa, akatabasamu. Hajawahi kunitabasamia yule, nikavimba kichwa.

Akaikamata khutba nzima, na joto lile, mkono unamtoka jasho. Shehe akatuambia tupeane mikono, mzee akaniozesha, nikaitikia nimekubali, shehe akasema basi achianeni, mikono haiachani. Mimi navuta, yeye anavuta, watu wa nyuma wanasimama wapate kuona.

"Mbona huniachii?" mzee akauliza. "Nshakupa mwanangu, na mkono wautaka?"

Msikiti ukaangua kicheko, shehe mwenyewe kajiziba uso kwa kilemba. Nikanong'ona, "Sila, baba. Haijakauka." Nilijua kwisha habari yangu, ufundi wangu ameuona.

Mzee akautazama mkono wake, akanitazama mimi. "Nilikuwa nikichelea utamwacha mwanangu upesi," akasema. "Kumbe we huachi kitu."

Tangu hapo sila yoyote naijaribu kwanza kwenye kipande, na karafuu nimewaachia wenye maumivu ya meno. Bakora anayo mpaka leo, kaizungushia kitambaa pale pa kushikia, na kila nikimwomba niikwangue niipake upya, hataki.