Aliyesimama Kushoto

Negatifu za Pascasie zilianza kuota kuvu mwezi wa tatu mwaka 1999, na hakumlaumu mtu. Studio yake ya picha ilikuwa karibu na ziwa, ukuta wa nyuma haukukauka mwaka mzima, na makopo ya bati yenye negatifu aliyapanga mwenyewe kwenye ukuta huo.

Alikuwa na miaka hamsini na moja. Alizaliwa Goma kwa wazazi Wanyarwanda, akaifanya kazi ya picha huko miaka ishirini, kisha mwaka 1995 akavuka mpaka wa Grande Barrière kuja kuishi Gisenyi, upande wa Rwanda. Alikuja na kamera mbili, pazia lililochorwa ndege ya abiria, na makopo kumi na manne. Mpakani aliulizwa ndani ya makopo kuna nini. Akajibu, "Watu." Ikabidi ayafungue yote kumi na manne.

Alikuwa na desturi moja ambayo hakumvunjia mtu yeyote. Ukija kutaka nakala ya picha ya zamani, alishika negatifu juu ya taa, akaitazama yeye peke yake, akakuuliza: "Aliyesimama kushoto ni nani?" Ukimtaja, alikuuliza jina la mtoto aliyepakatwa. Ukishindwa, ulikwenda nyumbani. Kijana mmoja aliyetaka picha ya msichana aliyemkataa alimwambia, "Mama, si ni karatasi tu?" Pascasie akamfungulia mlango, akamsubiri atoke, akaufunga.

Miaka miwili iliyotangulia, vita viliwafanya watu wengi wa Busasamana wakimbilie mjini na nguo walizovaa tu, nyumba zikabaki nyuma zikiungua na kila kilichotundikwa ukutani. Kwa wengi wao, uso wa baba au wa mume ulikuwa umebaki mahali pamoja tu duniani, ndani ya kopo la Pascasie. Sasa kuvu lilikuwa linaula uso huo kuanzia pembeni.

Aliyeleta dawa alikuwa Umutoni, binti wa rafiki yake wa kanisani, aliyekulia Uganda na kufanya kazi katika ofisi ya shirika moja la misaada. Ofisi ile ilikuwa na kompyuta, na mashine ya kunakili negatifu, na simu iliyoiunganisha na intaneti kupitia Kigali, siku ambazo simu ilikubali. Lakini ofisi ingehamia Kigali mwisho wa mwezi wa sita. Kazi ya kuziingiza picha kwenye kompyuta ilipaswa kuanza mara moja.

"Tantine, kuna kampuni huko nje zinatunza picha za wapigapicha kwenye intaneti," Umutoni alisema. "Nimeona mbili. Hii ya kwanza ni ya bure. Nafasi kubwa, rangi nzuri, mtu yeyote anafungua anaona. Hii ya pili ni ya kulipia, iko polepole, na imepakwa kijivu kama ukuta wa gereza. Kila albamu inafungwa na neno lake la siri."

"Wewe ungechukua ipi?"

"Ya bure. Nani analipia gereza?"

Pascasie akasema waijaribu ya bure kwa picha kumi. Alichagua kumi nzuri kuliko zote, na hakumwomba ruhusa hata mtu mmoja. Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe lilitokana na kazi yake. Kila studio ya Gisenyi ina dirisha la kioo, na picha nzuri hutundikwa humo. Kutundikwa ni heshima. Mtu hupita na jamaa zake makusudi wamwone. Pascasie aliidhania kampuni ile kuwa dirisha. Umutoni naye akawaandikia Wanyarwanda aliowajua Ulaya wapite kutazama.

Wiki tano baadaye Vestine alivuka kutoka Goma akiwa amekunja karatasi ndani ya kitenge. Alikuwa mjane wa Habimana, aliyekuwa shemasi wa Wasabato, mtu ambaye hakunywa hata chai ya majani. Karatasi ilitoka kwa shemeji yake aliye Ubelgiji, aliyeichapisha kutoka kwenye ukurasa wa kampuni ya bure. Humo Habimana alikuwa amesimama kushoto, suti nyeusi, mkono begani kwa mkewe, nyuma yao ndege ya abiria. Pembeni ya mkono wake wa kulia, kampuni ilikuwa imeweka tangazo lake: chupa ya bia inayotoa povu, na msichana aliyevaa kidogo sana.

"Mama Pascasie," Vestine alisema, "bwana yangu alianza kunywa siku gani?"

"Hakunywa."

"Donc huyu ni nani anamukaribisha?"

Kidole cha Vestine kikahama kwenye chupa.

"Na huyu musichana? Tumemuzaa wapi?"

"Vestine, nimekosa."

"Mi nilikuja hapa kuomba photo ya harusi ya dada yangu, ukaniuliza nani iko kushoto, nani iko kuume, mutoto anaitwa nani. Nikajibu kama niko mahakamani kwa juge. Sasa huyu wa bia, ulimuuliza nini?"

Lilikuwa swali la haki. Wako watu ambao, wakishikwa na kosa la namna hii, huilaumu mashine. Pascasie alichukua karatasi, akafunga studio katikati ya mchana, akaenda kwa Umutoni. Picha kumi zikaondolewa siku hiyohiyo. Kampuni ikajibu kwamba zimetoka kwenye ukurasa, ila yenyewe itabaki na nakala, kama ilivyoandikwa katika masharti.

"Wewe uliyasoma masharti?" Pascasie aliuliza.

"Tantine, ni marefu. Hakuna anayeyasoma."

"Basi leo wako wawili."

Wakakaa wakayasoma, Umutoni akitafsiri, mpaka simu ikakatika mara nne. Kisha Pascasie akamwandikisha barua moja kwenda kwa kampuni zote mbili. Ilikuwa na swali moja: mtu akija kuitaka picha ya marehemu, mtamtambuaje kuwa ni wa kwake?

Kampuni ya bure ilijibu baada ya dakika moja, ikimpongeza kwa kujiunga na kumtakia siku njema. Kampuni ya kijivu ilijibu baada ya siku sita. Aliyeandika alitia jina lake, akasema: hatuna njia ya kumtambua. Mwenye neno la siri ataingia, asiye nalo hataingia. Kwa hiyo tazama sana unampa nani.

"Hawa hawajui kitu," Umutoni alisema.

"Na wamesema wazi kwamba hawajui," Pascasie alijibu. "Tunawachukua hawa."

Malipo yalitaka kadi ya benki ya Ulaya. Mkuu wa ofisi, Mbelgiji, akakubali kutumia yake. Kwa shukrani Pascasie akampiga picha na mkewe mbele ya pazia la ndege. Kisha akaanza kwenda nyumba kwa nyumba, Gisenyi, Cyanzarwe, hata Goma, kuomba ruhusa. Umutoni alimkumbusha kwamba siku zinakwisha, kwamba wangeweza kunakili makopo yote kwanza na kuuliza baadaye. Pascasie akamjibu kwamba baadaye ameshaiona, ina povu.

Mwezi wa sita ulipokwisha, familia thelathini na nane zilikuwa zimekubali. Makopo tisa hayakufunguliwa kabisa, na kuvu liliendelea na kazi yake humo. Pascasie alilijua hilo, akalibeba. Ningependa kuandika kwamba uadilifu wake uliokoa picha zote. Haukuziokoa.

Siku ya mwisho ofisini, masanduku yakiwa yameshafungwa, alikuja Vestine. Alikuwa wa thelathini na tisa, na hakuna aliyethubutu kumwendea.

"Muweke Habimana," alisema. "Lakini ile neno, ni nani atalijua?"

"Wewe."

"Na we?"

"Hapana."

"Na huyu mutoto wa Uganda?"

"Naye hapana."

Vestine akakaa mbele ya kompyuta. Pascasie akamshika Umutoni bega, wakageuka wote wawili wakatazama ukuta, kama alivyozoea kugeuka studioni mteja anapojifunga kitenge vizuri. Nyuma yao kidole kimoja kilitafuta herufi, kikabonyeza, kikatafuta tena.

"Musigeuke," Vestine alisema. "Ni neno refu."