Kisanduku cha Haiko

Miaka ile ya mwisho ya vita nilikuwa mtu mwenye maringo mengi na kazi moja: kuandika programu za kompyuta katika ofisi ya shirika fulani la misaada, pale Gitega. Nilizaliwa mjini hapohapo, nikakulia Kigoma, nikarudi na Kiswahili kilichopigwa pasi. Wenzangu ofisini walisema "iko" kwa kila kitu: chai iko, gari iko, mkubwa iko. Mimi niliwasahihisha bila kuombwa. "Mkubwa yuko," nilisema. Waliitikia "Ndiyo, mwalimu," halafu wakaendelea vilevile. Asiyejua maana haambiwi maana, nilijiambia, nikarudi kwenye kompyuta yangu.

Siku moja mkubwa wetu, mzungu mrefu aliyependa mikutano kuliko chakula, akaleta programu mpya kutoka kwao. Ilikuwa programu ya kutengenezea programu. Huandiki hata mstari mmoja wa lugha ya kompyuta: unaburuta visanduku kwa kipanya, unavipa majina, unachagua kila kimoja kifanye nini, umemaliza. Karani yeyote angeweza, alisema. Tuliizindua kwa Fanta na mishikaki ya mbuzi, na jenereta ikazimika mara mbili katikati ya hotuba yake. Wote walipiga makofi isipokuwa mimi. Miaka yote ile nilikula kwa sababu makarani hawawezi.

Mkubwa akanikabidhi kazi yenyewe. Programu ingeanzia Muyinga, kwenye kituo cha kuwapokea wakimbizi waliokuwa wakirudi kutoka Tanzania, nami nikusanye maoni, yangu na ya watumiaji, niyaandikie ripoti. Nilikubali haraka. Nilitaka sana ripoti iseme kwamba bila mimi haiwezekani.

Karani wa Muyinga alikuwa Mkongomani wa Uvira, muuza vitenge wa zamani, ambaye kabla ya hapo kompyuta aliijua kwa kuipangusa vumbi. Kwa siku mbili akawa ametengeneza fomu yake mwenyewe. Akaituma kwenye disketi kwa mkono wa dereva ili niikague. Jina, kilima cha kwao, komuni yake, umri; kila kitu mahali pake, jambo lililoniudhi. Na chini kabisa aliweka kisanduku kimoja cha kutia alama, akakiita "Haiko", ila hakukipa kazi.

Nilicheka peke yangu. Haiko! "I" ni ya nyumba, ya meza, ya baiskeli. Mtu akishaitwa "i", niliwaza kwa elimu yangu yote ya Kigoma, basi ameshakuwa kitu, yaani maiti. Na kweli pale ofisini walisema "haiko tena" wakimtaja marehemu. Sikumuuliza mwenye fomu. Nikapanga hivi: kisanduku kikitiwa alama, jina liondoke kwenye orodha ya waliofika, liende kwenye orodha ya waliofariki. Nikamrudishia disketi yake, na katika ripoti nikaandika kwamba watumiaji wanahitaji mtaalamu karibu nao.

Sasa, pale ofisini alikuwapo mama aliyetupikia chai, mtu wa Mutaho. Yeye na mama yake walipotezana vita ilipoanza. Bibi kizee akavuka kwenda Tanzania na majirani, na tangu hapo hakuna habari. Mama wa chai hakuwa na ndugu mwingine aliyebaki. Kila disketi ya majina ya waliorudi ilipofika kutoka Muyinga aliweka birika chini, akasimama mlangoni kwangu.

"Iko?"

"Bado hayupo, mama."

Hata hapo nilisahihisha. Mtu anamtafuta mzazi wake, mimi namfundisha ngeli.

Disketi ya tatu ilikuwa na jina la mama yake. Kilima kilekile, Mutaho ileile, umri uleule, kwenye orodha ya waliofariki. Nilimwambia kwa sauti ya chini, maneno ya kawaida ya pole. Alichukua birika lake, akamaliza kugawa chai, kila mtu na kikombe chake. Kisha akaomba ruhusa aende Mutaho kufanya matanga. Aliporudi baada ya wiki alikuwa amenyoa nywele zote, kama wanavyofanya kwao. Nilimpa sukari. Nilimhurumia kweli, na vilevile, nikiri tu, nilijipongeza kidogo kwamba angalau kompyuta ilikuwa imempa jibu.

Siku chache baadaye dereva akaniletea maoni ya karani wa Muyinga, yameandikwa kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari:

"Chef, programu iko muzuri sana, lakini iko na roho mbaya. Mutu mwenye haiko pa appel, pa kuita majina, ameenda kuteka mayi ao ku kuni, mi naweka alama ku Haiko. Jioni akirudi natafuta jina lake nitoe alama. Jina haiko! Juzi nilijiandika na mi mwenyewe kwa kujaribu, nikaweka Haiko, nikaenda kula. Kurudi, niko kati ya wafu. Donc mi nauliza: bibi yangu, mama ya watoto, aanze kulia ao angoje?"

Nilisoma nikacheka. Nikasoma tena, na safari hii nikasikia birika likiwekwa chini hapo ukumbini. Kwa kujua sarufi nilikuwa nimeua watu wote waliotumwa kuni.

Nilimwita mama wa chai, nikamweleza yote, hata ile ya "i" ni ya meza. Nilimwambia sina hakika. Pengine yuko hai, pengine kweli amefariki. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Ningefurahi kama angenitukana. Alijipangusa mikono kwenye kitenge.

"Gari iko?"

"Gari iko," nikajibu.

Asubuhi iliyofuata tulingoja mpaka wanajeshi wafungue barabara, tukapita Karuzi, kizuizi baada ya kizuizi, mama wa chai akiwa mbele na mimi nyuma kati ya magunia ya maharage. Tulifika Muyinga mchana. Karani alitoka nje kunipokea, mnene, hai kabisa, na uso mkunjufu. Nikamtajia jina la bibi kizee na kilima chake.

"Yule mama? Ah, pole. Haiko."

Mama wa chai akakaa chini palepale kwenye vumbi. Karani akatutazama mmoja mmoja, akashtuka.

"Ku kuni! Iko ku kuni! We mama, simama, atarudi sasa hivi, vraiment!"

Tulingoja kwenye ukuta wa kituo. Wanawake walianza kurudi wawili watatu kutoka bondeni. Wa mwisho alikuwa mfupi, ameinamisha shingo chini ya mzigo wa kuni, anatembea kama mtu anayehesabu mawe. Mama wa chai alisimama kabla sijamwona vizuri.

Bibi kizee naye alimwona. Hakutupa mzigo, hakupiga kelele. Alisogea mpaka karibu kabisa, akatazama ule uso, halafu kile kichwa kilichonyolewa. Akauliza kwa Kirundi:

"Mwanangu, nani amekufa?"

Mama wa chai alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, kamasi zinamtoka, hajali.

"Ni wewe, mama."

Bibi kizee akamtazama. Akamtazama karani. Mwisho akanitazama mimi, sijui kwa nini mimi.

"Basi mtu anipokee kuni," akasema.

Nikazipokea.