Gari la Mama Mkwe Halipandi

Katika ukoo wa mke wangu, mkwe wa kiume haketi karibu na mama mkwe. Hampi mkono, hali naye meza moja, na hapandi naye gari moja. Mimi nilizaliwa Kitale, katika familia iliyohamia huko kulima, na kwetu mambo hayo si makali kiasi hicho. Niliyapokea kama mtu anavyopokea mvua ya alasiri. Nikimwona mama mkwe anakuja njiani, niliingia kwenye mahindi mpaka apite. Nilidhani desturi hiyo inahusu miguu na macho tu. Sikujua inaweza kuficha ugonjwa wa gari.

Gari lilikuwa lake. Aliachiwa na marehemu mumewe, stesheni wagoni kuukuu ya petroli ambayo mlango wake wa nyuma ulifungwa kwa kamba ya katani. Mimi niliacha shule darasa la saba na tangu hapo sikukaa mahali. Nimebeba magunia Suam mpakani, nimefyatua matofali, nimechomelea mageti, nimeuza miche ya parachichi. Kila kazi niliiacha baada ya kuelewa inavyofanyika. Mama mkwe aliliona hilo mapema, akatukabidhi gari ili binti yake asilale njaa kwa ajili ya udadisi wangu. Kuanzia Jumatatu nilibeba kabeji na karoti kutoka Kitale kushuka hadi soko la Bungoma, nikarudi na ndizi na njugu. Jumamosi nililipeleka nyumbani kwake Misikhu, na Jumapili shemeji yangu, kaka ya mke wangu, alimwendesha kanisani. Hatukuwa na kazi nyingine.

Shemeji alilitaka gari lile. Alikuwa na duka la mabati na misumari pale sokoni, na hakuficha.

"Shem, wewe ni mtu wa kupita," aliniambia siku moja mbele ya wateja wake. "Gari inataka mtu ako na nyumba."

"Niko na nyumba."

"Ya kupanga. Hata kuku ya kupanga hutaga kwa jirani."

Wateja walicheka. Nami nilicheka, kwa sababu mtu akikutukana vizuri lazima umpe haki yake.

Kisha gari likaanza kukataa mlima. Kushuka Bungoma halikuwa na neno. Kurudi ndiyo ilikuwa shida: nikishaipita Misikhu, barabara inapoanza kuinuka kuelekea Kiminini, nguvu zilipotea. Nilikanyaga mafuta mpaka mwisho, injini ikaguna tu kama mtu aliyezibwa mdomo kwa mto. Malori yalinipita, halafu baiskeli. Nilisimama kando, nikala ndizi za watu, injini ikapoa. Nikiwasha tena, lilipanda vizuri mpaka lilipopata joto, likazimika upya. Ndizi zilifika Kitale zimeiva kupita kiasi, na wenye maduka wakanirushia maneno.

Shemeji alimleta fundi rafiki yake. Fundi huyo hakufungua hata kifuniko cha injini. Alilizunguka gari akitafuna muwa, akatema makapi karibu na kiatu changu.

"Injini imekufa. Dereva ameiua."

"Injini iliyochoka huchoka hata asubuhi," nilisema. "Hii asubuhi iko sawa."

"Wewe ni fundi?"

"Hapana."

"Basi nyamaza uuze kabeji."

Maneno hayo yalifika kwa mama mkwe kabla yangu. Jioni hiyo nilisimama nje ya dirisha la jikoni lake, mgongo nimeuelekeza ukutani kama inavyotakiwa, naye akaongea na mke wangu aliyekuwa ndani. Nilisikia kila neno, na alijua nasikia.

"Mwambie mume wako, Jumapili niliketi ndani ya hiyo gari na haikunung'unika hata kidogo."

"Anasema mpaka ipate moto, mama. Na iwe na mzigo."

"Mimi si mzigo?"

Mke wangu alisukuma kuni motoni. Jibu nilikuwa nalo mimi, nje ya dirisha.

"Kaka yako anasema huyu anaipigisha mbio na mizigo ya watu, halafu anakuja hapa kulia. Sasa sikia. Jumapili inayokuja, gari ikienda vizuri, nitajua ni uongo. Itabaki hapa kwa kaka yako."

Hapo ndipo nilipouona mtego ulivyo, ingawa hakuna aliyeutega. Kanisa liko karibu, kwenye tambarare. Injini haipati hata muda wa kuchemka. Mtu pekee ambaye angeweza kukaa kando yangu mlimani akasikia gari likizibwa pumzi ni mwenye gari, na huyo ndiye ambaye kwa heshima hawezi kukaa kando yangu. Alikuwa mkweli kabisa. Gari alilolijua yeye lilikuwa zima.

Siku zilizobaki sikubeba mzigo. Nililala chini ya gari, nje ya uzio wa mama mkwe. Nilibadilisha kichujio cha petroli, hakuna. Nilitoa kichujio cha hewa nikaendesha bila hicho, hakuna. Kisha nikaweka kiganja nyuma ya bomba la ekzosi huku mke wangu akikanyaga mafuta. Gari zima hupumua kwa nguvu, moshi unakusukuma mkono. Hili lilipumua kama mgonjwa wa kifua. Hewa ilikuwa inaingia na haipati pa kutokea.

Katikati ya bomba hilo, chini ya miguu ya dereva, kuna kopo la chuma lenye umbo la kiazi kitamu. Watu wa gereji huliita katalitiki. Ndani yake mna kitu kama sega la nyuki, chenye vitundu vidogo sana, kazi yake ni kusafisha moshi. Nililiendesha gari mpaka likaanza kuguna, nikaliegesha, nikachukua kikombe cha maji. Matone niliyodondosha mbele ya kopo yalilia na kutoweka palepale. Niliyodondosha nyuma yake yaliteleza tu, yakadondoka kwenye nyasi. Joto lote lilikuwa limefungiwa upande wa mbele. Niligonga kopo kwa mpini wa nyundo. Kulikuwa na kitu kilichosambaratika ndani, kikasikika kama njugu kwenye kibuyu.

Nilitaka pia kujua limeuliwa na nini. Nilitoa plagi, nikakuta moja imelowa petroli. Koili yake, inayoipa cheche, ilikuwa na ufa. Petroli iliyokosa kuwaka kwenye injini ilikuwa imepita na kuwaka ndani ya lile kopo, ikaliyeyusha sega. Nilikumbuka injini ilivyokuwa ikitetemeka miezi ya nyuma, na shemeji alivyonijibu nilipolalamika: "Gari mzee lazima itetemeke. Hata baba alikuwa anatetemeka." Niliweka koili nyingine. Mtetemo uliisha. Sega lilibaki limeziba.

Ningeweza kulikata kopo lile mara moja. Mke wangu alinikataza.

"Ukitengeneza kabla ya Jumapili, itaenda vizuri, na mama atasema ulidanganya."

Alisema kweli. Ilibidi gari liharibikie mikononi mwa kaka yake, mama yake akiwa ndani. Aliingia kwa mama yake, nikamsikia akiomba kitu kimoja tu: wakitoka kanisani wapande kidogo kuelekea Kiminini, na wachukue wanawake wengine wa kanisa wajaze viti.

"Kwani nimekuwa matatu?" mama mkwe aliuliza. Hakukataa lakini.

Kuna kihisi, kifaa kidogo cha kupima moshi, kilichokazwa kwenye bomba mbele ya lile kopo; nilikitia mafuta nikakilegeza kidogo, nikakirudisha. Kukitoa kabisa kungefungua tundu la moshi kupumulia. Huo ndio ungekuwa ushahidi wangu.

Jumapili, ibada ilipokwisha, mimi na mke wangu tulikuwa tumesimama kando ya barabara na bodaboda tuliyoikodi. Wanawake walipakiana, vitambaa vyao vya kichwa vya chama cha kanisa vikijaa madirishani. Shemeji aliponiona alitabasamu, akaondoa gari, na badala ya kushika njia ya mlima akakata kona kuelekea tambarare za Webuye. Tuliwafuata. Alikwenda mbali, polepole, gia ya juu, kama mtu anayembeba mgonjwa. Nilianza kumwamini yule fundi kwa jambo moja: kosa lilikuwa la dereva, ila dereva huyo si mimi.

Kisha gari likasimama. Dirisha la nyuma likashuka, na sauti ya mama mkwe ikasikika mpaka kwetu.

"Kwa nini unanizungusha huku? Nilisema Kiminini."

"Mama, huku barabara ni safi."

"Nimekuuliza juu ya usafi? Geuza."

Aligeuza. Kufikia mwinuko, injini ilikuwa imepata joto la kutosha. Gari lilianza kupanda kwa majivuno, likapunguza, likaguna. Nikamwona shemeji akibadilisha gia, akikanyaga, mabega yake yakiruka. Mtu mmoja aliyesukuma baiskeli yenye magunia ya mkaa aliwafikia, akawatazama kupitia dirishani, akawapita. Wanawake wakaanza kumshauri wote kwa pamoja. Gari likakohoa, likafa katikati ya mlima.

Mama mkwe alishuka. Aliponiona alinipa mgongo kama desturi inavyotaka, akasimama kwenye majani. Shemeji alinijia.

"Umeifanyia nini?"

"Leo sijaigusa. Uliendesha wewe."

"Umelala chini yake wiki nzima! Nilikuona!"

"Basi nenda nyumbani, nitaiondoa mwenyewe."

"Hii si yako ya kuondoa, we mkimbizi wa shule!"

Alinishika ukosi. Mke wangu akamwita kwa jina lake la utotoni, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena, naye kaka akaniachia. Nilifungua kifuniko, nikazungusha kihisi kwa spana na kitambara. Bomba lilinichoma kifundo cha mkono, alama bado iko. Kihisi kilipotoka, moshi uliokuwa umefungwa ulipumua kwa mlio.

"Washa," nilimwambia.

"Washa mwenyewe."

"Nikiwasha mimi utasema ni uchawi. Washa wewe, mama yako na hawa waketi ndani."

Hakusogea. Mama mkwe, bila kugeuka, alizungumza na barabara: "Mwanangu amesikia au niendeshe mimi?"

Walipanda. Injini iliwaka kwa ngurumo ya kinu cha kusaga mahindi, na wanawake wakapiga mayowe. Kisha gari likaondoka. Lilipanda likiwa limejaa vilevile, likampita yule wa mkaa, likapotea juu ya mwinuko, nasi tukabaki tunasikiliza ngurumo yake ikizidi kwenda. Mke wangu aliketi chini akajifunika uso kwa kanga. Sikujua kama alicheka au alilia, na nilijua nisimuulize.

Walirudi wakiteremka. Shemeji alishuka na kuubamiza mlango.

"Kelele tu," alisema. "Kelele si nguvu. Na aliyeziba hiyo bomba ni yeye!"

Mama mkwe alikuwa bado ndani. Alimwita mke wangu dirishani.

"Ni nini kilikuwa kimeziba?"

"Ni kopo la moshi, mama. Lakini liliziba kwa sababu ya koili. Alimwambia kaka tangu zamani."

"Alikuambia?" akamuuliza mwanawe.

Shemeji alitazama duka lililokuwa ng'ambo, lisilo lake.

"Nakuuliza wewe. Alikuambia?"

"Mama, gari ni mzee..."

"Na leo ulijua haitapanda, ndiyo maana ulinipeleka kutembea Webuye kama mtalii."

Alifungua mlango, akashuka na mkoba wake, akawaita wanawake wenzake. Kisha akasema na binti yake, uso wake ukiwa umekunjamana kuliko nilivyowahi kuuona, nami sikuona huruma yoyote ndani yake kwa mtu yeyote.

"Mwambie mume wako gari isirudi kwangu Jumamosi. Akae nayo hukohuko Kitale. Nitaenda kanisani kwa miguu, nilikuwa na miguu kabla ya hii takataka. Na mwambie asifikiri nimempenda."

"Nimesikia," nilisema. Ni neno la pekee nililowahi kumwambia moja kwa moja, na kwa desturi yao lilikuwa kosa.

Alianza kuteremka mlima na wenzake. Shemeji alibaki ananitazama mpaka mama yake alipomwita ambebee mkoba.