Moto kwanza, ndipo mkeka

Mfuniko wa sufuria unagonga gizani. Unagonga, unanyamaza, unagonga tena. Ni saa kumi na moja alfajiri, Aprili 2001, na maharage yameanza kuchemka katika nyumba ya udongo huko Nyarubungo, wilayani Biharamulo.

Anjelika Nimpaye anatoa kichwa nje kutazama kama moshi unapanda juu ya paa. Unapanda. Anarudi ndani, anasukuma meza hadi ukutani, anakunjua mkeka wa mafunjo na kulala chali.

“Moto kwanza,” ananong’ona. “Bila moto silali hapa chini. Yalishanikuta.”

Kwenye kiti kilicho karibu na mlango kuna sare ya shule iliyokunjwa vizuri. Juu ya kiti hicho hicho kuna mundu. Vyote viwili ameviweka jana jioni Aline, bintiye wa darasa la tano, na leo atachukua kimoja.

Anjelika anakunja magoti, anavuta kitovu ndani, anainua kiuno pole pole. Kisha anakishusha, pingili moja ya uti wa mgongo baada ya nyingine, kama mtu anayetandika mkeka mpya akiogopa usijikunje. Ndikumana, mwanawe wa miaka mitatu, anatoka chumbani akiburuta shuka na kumkalia tumboni.

“Shuka, baba. Mama yuko kazini.”

“Kazi gani ya kulala?” Modestus, mumewe, anauliza kutoka kitandani.

“Amka basi tukalale wote.”

Modestus anajivutia blanketi hadi kichwani.

Kazi yenyewe ya Anjelika iko bondeni. Hukata mafunjo, huyabeba kichwani yakiwa mabichi, huyaanika, halafu husuka mikeka ya kuuza soko la Biharamulo mjini. Mkeka mmoja humpatia shilingi elfu moja, siku ikiwa nzuri. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi yeye akiwa mgongoni, na mama yake aliisuka mikeka hiyo hiyo.

“Unainama majini, unainama chini ya mzigo, ukifika nyumbani unainama kusuka,” anasema. “Mgongo ukichoka unauambia nini?”

Miaka miwili iliyopita mgongo ulikataa kabisa bonde. Akaenda Ngara kutafuta kibarua, akapata kufua nguo katika nyumba ya wageni waliokuwa wakihudumia wakimbizi wa kambi ya Lukole. Mmoja wao alikuwa mama wa kizungu aliyewatibu watu viungo. Wakimbizi walimwita Mama Viungo.

“Siku ya kwanza nilimkuta amelala sakafuni, macho juu. Nikajua ameanguka. Nikamwinua. Akacheka, akanishukuru, akalala tena. Nikamwinua tena!”

Mama Viungo alimweleza kwamba ni mazoezi, yanaitwa Pilates, na kwamba hayataki kitu zaidi ya sakafu na subira. Akamfundisha kabla ya kufua, kidogo kidogo. Siku moja ndege ikamrudisha kwao, mafunzo yakiwa nusu.

Hiyo nusu iliyobaki ndiyo inayomsumbua Anjelika hadi leo.

“Ukiinua kiuno, unavuta pumzi au unaitoa? Siku nyingine navuta, siku nyingine natoa. Mgongo unakubali yote mawili. Sasa nitajuaje?”

“Unatoa,” Modestus anaamua, bado kitandani. “Hata ukinyanyua gunia unatoa.”

“Wewe umesomea wapi hayo?”

“Kwenye gunia.”

Aliporudi nyumbani kutoka Ngara, Anjelika aliyaendeleza mazoezi hayo, na mgongo ukamruhusu kurudi bondeni. Ila sebule ni ndogo. Basi asubuhi moja ya Machi mwaka jana aliona heri apate nafasi ya kutosha. Akatoa meza na viti vyote uani. Akatandika mkeka katikati ya sebule, akaacha mlango wazi apate mwanga, akalala. Jiko hakuligusa.

Kwa watu wa huku, viti vikilala uani, mkeka ukiwa sebuleni na nyumba isitoe moshi, hakuna haja ya kuuliza. Kuna aliyefariki.

Jirani yake, Bonifasia, alikuwa akipita kwenda shamba. “Nilimwona Anjelika amejitupa chini kama mfiwa, anatazama paa. Nikasema, basi, bibi ametutoka. Nikaweka jembe chini nikapiga yowe.”

Bibi ni Kanyange, mama mkwe wa Anjelika, aliyekuwa akikohoa tangu Krismasi.

Majirani walikuja na kuni, ndizi na maji. Hakuna aliyekwenda shamba, kwani siku ya msiba jembe halilimi. Mzee Nyandwi alikuja na sepetu yake, tayari kuonyeshwa mahali pa kuchimba.

“Mimi nilisikia yowe nikajua kuna msiba kwa Bonifasia,” Anjelika anasema. “Nikatoka nikilia. Tukakumbatiana, tunalia, kila mmoja anangoja mwenzake ataje jina.”

Kanyange alikuwa nyuma ya nyumba, ananawa uso. Kwa maelezo yake mwenyewe, alikuta watu wanalia uani kwake, naye akakaa akalia.

“Msibani hufiki ukaanza maswali,” anasema. “Baadaye ndiyo nikamwuliza Nyandwi, ‘Ni nani?’ Akanitazama, sepetu ikamponyoka.”

Watu walicheka hadi jua likapanda, wakapika zile ndizi wakala. Kanyange hakucheka wala hakula. Mkamwana ametandika msiba wangu nikiwa hai, alisema. Kifo kikikuta kimetandikiwa mkeka, kitaacha kukaa? Kuanzia siku hiyo akapiga marufuku mtu yeyote kulala chini katika nyumba ile.

Anjelika alitii. Mvua zilipokolea, mgongo ukajikunja, akawa anakwenda chooni kwa kushika ukuta. Hospitali walimpa dawa za maumivu, wakamwambia asibebe mizigo. “Nikawauliza, nibebe nini basi?”

Aline ndiye aliyebeba. Alichukua mundu, akashuka bondeni wakati wenzake wakipanda kwenda shule. Mwalimu alikuja mara mbili kumwulizia.

“Alikuwa anarudi amelowa hadi kifuani,” mama yake anasema, akimfunika Ndikumana miguu kwa shuka. “Angelalamika ningepata nafuu. Hakulalamika.”

Aliyeshindwa kuvumilia ni Kanyange. Jioni moja alimwona mjukuu wake akitua mzigo, kisha akisimama ameshika kiuno.

“Ameshika kama ninavyoshika mimi,” bibi anasema. “Mtoto! Nikamwita mkamwana, nikamwambia, haya, lala. Lakini viti visitoke nje, na moto uwake kwanza. Majirani wauone moshi.”

Je, ameyaelewa mazoezi? Kanyange anasonya.

“Mtu analala ili apate nguvu ya kusimama? Na jina lenyewe linafanana na la yule mtawala aliyenawa mikono. Mimi sielewi. Namwangalia mtoto tu.”

Anjelika naye haelewi sana. Baada ya wiki kadhaa alisimama, Aline akarudi darasani. Lakini katika wiki hizo Bonifasia alikuwa akimchua kwa mafuta, Modestus alimkatia mafunjo, na bibi alisali rozari. “Kila mmoja anasema ni yeye aliyeniponya. Nami nawashukuru wote. Lakini mkeka siuachi.”

Ana mpango wa kurudi Ngara mvua zikiisha, amtafute mtaalamu mwingine wa viungo amfundishe ile nusu, kisha awaonyeshe wanawake wenzake wa bondeni. Kubwa kuliko yote, anataka Aline amalize darasa la saba bila mundu kuingia katikati.

Jana mgongo ulikaza tena. Alirudi na mzigo akitembea upande, akautua nje, na Aline akaona. Ndiyo maana sare na mundu vimelala pamoja.

Kunapambazuka. Anjelika anainua kiuno mara ya mwisho. “Natoa pumzi,” anasema, “leo tumfuate mtu wa gunia.” Anageukia ubavu, anajisukuma, anasimama. Anakaa hivyo kidogo, mkono ukutani.

Aline yuko mlangoni na gauni la kulalia. Nyuma yake Kanyange ameacha kupepeta mtama.

Anjelika anatoka uani. Mzigo wa jana uko pale pale, mzito kwa umande. Anachuchumaa, mgongo wima, anaupandisha magotini, kifuani, kichwani. Anatembea nao hadi kwenye ua wa miti na kurudi. Uso umemkunjamana, lakini haendi upande.

Anautua taratibu. Maharage yanachemka ndani, mfuniko unagonga.

Aline anachukua mundu kwenye kiti, anauchomeka juu kwenye nyasi za paa, anaikunjua sare.

“Leo ninakwenda shule,” anasema.