Turubai la Bi Mwanamkisi

Mtaani kwetu Langoni hakuna anayeogopa mvua kama Bi Mwanamkisi. Wingu likitanda tu upande wa kisiwa cha Manda, yeye keshapanda darini, juu ya paa la nyumba, kuanua pilipili, embe za achari na nguo, zake na za jirani. Ukiwahi kuanua zako mwenyewe, hununa. Tumemtania miaka yote, naye hacheki.

Kusi la mwaka huu lilikuja na masika mazito. Umeme ukawa unakatika, unarudi kidogo, unakatika tena, na kila uliyemuuliza alisema nguzo zimeanguka huko bara. Mimi nilikuwa nawaka kwa samaki walioniozea kwenye friji. Bi Mwanamkisi alikuwa na la kuogopa zaidi. Mumewe, Bwana Idarus, fundi wa nakshi aliyevuta vumbi la mbao maisha yake yote, ana pumu, na unyevu wa masika ndio unaombana. Hutulizwa na mashine ndogo ya kuvutia dawa, na bila umeme mashine hiyo ni pambo tu.

Kwa ajili hiyo binti yao Ruwaida, anayefanya kazi hotelini Shela, aliwafungia paneli ya sola darini na betri chumbani. Hata siku ya mawingu, alisema fundi wa sola, itachota mwanga kidogo wa kutosha mashine.

Siku mzee alipobanwa, umeme haukuwapo. Bi Mwanamkisi akaichomeka mashine kwenye betri. Ikakoroma mara moja, ikazima. Tulimbeba mzee kwa kiti katika vichochoro vilivyojaa maji mpaka hospitali kwenye jenereta, midomo ishabadilika rangi. Niliogopa, sifichi. Mola akamsitiri.

Ruwaida alipofika alipanda darini kuitazama paneli. Aliikuta imefunikwa turubai na kukazwa kamba vizuri. Mamake aliifunika tangu wingu la kwanza, kama anavyofunika kila kitu.

"Mama," alimwambia polepole, akionyesha kile kioo cha kunasa jua, "yua lingengilia wapi?"

"Nalidhani nafinika kioo, mwanangu. Kumbe nafinika pumzi za babako."

Hakuna aliyemlaumu, na nadhani hilo lilimuuma zaidi. Jana wingu lilitanda tena. Nilipanda kuanua nguo zangu, maana safari hii hakuna aliyenianulia. Nikamwona darini kwake, pilipili zake zinalowa, amesimama kando ya paneli katika mvua, mikono ameibana kwapani isije ikaifunika.